Burkitt: Mpasuaji wa jicho moja aliyetetea chakula cha kijijini

DENIS Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland ya Kaskazini ya leo, Februari 28, 1911. Akiwa na umri wa miaka 11, jiwe lililorushwa katika ugomvi wa wanafunzi lilimharibu jicho la kulia.

Ulemavu huo nusura uzime azma yake. Alihitimu udaktari katika Chuo cha Trinity, Dublin, mwaka 1935, lakini alipoomba kazi katika makoloni alikataliwa kwa sababu ya jicho hilo. Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyomleta Afrika Mashariki, alikohudumu kama daktari wa jeshi nchini Kenya na Somalia. Mwaka 1946 alipelekwa Lira, Uganda, na baadaye Hospitali ya Mulago, Kampala.

Huko Mulago, mwaka 1957, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya. Uchunguzi wake, uliomfikisha hadi Afrika Kusini kwa gari mwaka 1961, ulifichua saratani ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake.

Aliporejea Uingereza alijiuliza swali jingine. Mbona kidole tumbo, bawasiri na saratani ya utumbo mpana, maradhi yaliyojaa katika wadi za huko, yalikuwa nadra sana Mulago?

Mwaka 1972, yeye na wenzake Alec Walker na Neil Painter walichapisha matokeo ya kupima choo. Kwa wanakijiji wa Uganda, chakula kilipita tumboni kwa takriban siku moja na nusu. Kwa wanamaji wa Uingereza, zaidi ya siku tatu. Burkitt alisema siri ni nyuzinyuzi za nafaka zisizokobolewa, maharagwe na mboga, ambazo hushika maji, hulainisha choo na kukiharakisha.

Wapo waliomdhihaki kwa kuhubiri habari za choo, naye hakunyamaza. Alifariki Machi 23, 1993.

Hoja yake haikupita bila kupingwa. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 1999 haukuona kwamba nyuzinyuzi huzuia saratani ya utumbo mpana. Ule wa Ulaya wa mwaka 2003 ukaona zinapunguza hatari.

Wengine waliweka tumaini katika antioksidanti, yaani viambato vya vyakula vinavyokinga seli zisiharibiwe na kemikali za oksijeni. Hata hivyo, utafiti wa Marekani wa mwaka 1994 ulionyesha kuwa tembe za vitamini C, E na beta-karotini hazikuzuia vinyama vinavyoweza kugeuka saratani kuota tena katika utumbo mpana.

Viambato hivyo na nyuzinyuzi hupatikana pamoja katika pumba za nafaka, maharagwe na mboga za majani. Anayekoboa mahindi hadi unga ukawa mweupe huvitupa vyote viwili, na tembe ya dukani haijathibitika kuziba pengo hilo.