Hattie McDaniel: Aliyeketishwa Meza ya Pembeni

Ndugu zangu wanafunzi wa zamani, nanyi mlio madarasani leo,

Nilipokuwa kidato cha tatu, Jumamosi moja jioni tulioneshwa bwaloni filamu ya zamani ya Marekani iitwayo Gone with the Wind. Ilichukua karibu saa nne, na wengi walisinzia. Lakini kila alipotokea yule yaya mnene mwenye ulimi mkali, bwalo zima liliamka kwa kicheko. Hakuna aliyeuliza jina lake. Leo napenda kulitaja: Hattie McDaniel.

Alizaliwa Wichita, jimbo la Kansas, tarehe 10 Juni, 1893. Baba na mama yake walizaliwa utumwani. Alikulia Denver, akaimba na kuigiza katika kikundi cha kaka zake. Uchumi ulipoanguka mwaka 1929, alikuwa mhudumu wa msalani katika klabu moja mjini Milwaukee, hadi usiku mmoja aliporuhusiwa kupanda jukwaani. Mwaka 1931 alihamia Los Angeles. Huko sinema zilimpa nafasi za uyaya na utumishi, na mara nyingi jina lake halikuandikwa.

Filamu niliyoitaja ilipozinduliwa Atlanta, Desemba 1939, yeye hakuwepo, kwa kuwa Georgia ilikuwa na sheria za ubaguzi. Tarehe 29 Februari, 1940 alipewa tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike, akiwa mtu mweusi wa kwanza kuipata. Usiku huohuo, katika Hoteli ya Ambassador, aliketishwa kwenye meza ndogo kando ya ukuta, mbali na wenzake.

Baadhi ya viongozi wa watu weusi walimlaumu kwa kuigiza watumishi. Lakini mwaka 1945 yeye na majirani zake walishinda kesi ya waliotaka kuwahamisha nyumbani mwao kwa sababu ya rangi.

Alifariki kwa saratani tarehe 26 Oktoba, 1952. Aliomba azikwe katika makaburi ya Hollywood, akakataliwa. Tuzo yake, kibao kidogo tu, aliiachia Chuo Kikuu cha Howard. Ikapotea. Mwaka 2023 chuo hicho kilipewa nyingine mahali pake.

Mimi ni mtumishi wa serikali. Barua nyingi nilizoandika zimetiwa saini na wengine, na si neno. Lakini jioni ile bwaloni tulimcheka yaya, tukamsahau aliyetuchekesha, na hilo hunisumbua hadi leo.

Vijana, mtakapotazama filamu, yasomeni majina yote, hata yaliyo chini kabisa. Na vile vikombe vilivyo kabatini mwa shule yetu, andikeni pembeni majina ya waliovileta, kabla sisi tunaowakumbuka hatujaondoka.

Wasalaam.