Aimé Behaeghe na ndege za Tanganyika

Tukitaja vita ya 1914 huku kwetu Lusangi, tunafikiri kwanza wapagazi na mizigo. Leo tuongee juu ya kijana mmoja muzungu, Aimé Behaeghe, piloti wa kwanza kurusha ndege juu ya ziwa Tanganyika.

Alizaliwa mwaka wa 1890 kule Kachtem, kijiji cha Flandre, inchi ya Ubeleji. Mwanzo wa 1916 alitumwa Congo pamoja na mapiloti wenzake, mkubwa wao akiwa de Bueger. Waingereza waliwapa ndege 4 aina ya Short 827. Kazi ilikuwa moja: kupiga Graf von Götzen, meli ya Wadachi iliyotawala ziwa lote.

Zile ndege hazikuja kwa kuruka. Zilipanda mto kwa masua, zikapakiwa treni, zikarudi tena katika masua. Zilipita Kindu, zikafuata reli mpaka Kongolo, ile inayopita upande wa Samba, kisha mto mpaka Kabalo, halafu reli ya kwenda ziwani. Kila fasi, mabega ya watu weusi ndiyo yalishusha na kupakia, na majina yao hakuna aliyeyaandika.

Kisha ikaja shida yenyewe. Ndege hizi hazina magurudumu, zinakaa juu ya maboya mawili makubwa. Wengi wanafikiri hatari iko hewani. Kumbe hatari inaanza mapema, wakati ndege inatembea tu. Haina freni: moteri ikishika, inaondoka, utake usitake, sawa vile pikipiki bila freni katika mteremko wa matope wa Kabambare. Upepo unasukuma mkia, pua inageukia upepo unakotoka, hata kama piloti anataka kwenda kwingine. Mawimbi yakiwa makali, maboya yanazama pua, maji yanarukia elisi ya mbao, ile panga inayozunguka mbele, na kuiharibu. Na maji yakitulia kabisa sawa kioo? Hapo maboya yananata, ndege haitoki. Inataka mawimbi madogo tu.

Tanganyika, wavuvi wanaijua, inachafuka kama bahari. Ndiyo maana waliacha ziwa wazi, wakaweka kambi katika maji ya kando, Tongwe, yaliyotulia zaidi. Tena ziwa liko karibu metre 770 juu ya bahari, na joto linapunguza nguvu ya hewa. Moteri ya farasi 150 haikutosha kubeba kila kitu: ukiongeza bomu, punguza esansi. Sisi tunaona hesabu hiyo ilitaka akili kuliko ujasiri.

Mei 1916 Behaeghe akaruka. Juni, yeye na Collignon wakaenda mpaka Kigoma, wakatupia Götzen mabomu. Meli haikuzama. Wadachi walikuwa wamekwisha kutoa mzinga wake mkubwa, wakaweka wa mbao wa kudanganya watu! Tarehe 26 Julai wakaizamisha wenyewe, halafu wakaacha Kigoma.

Behaeghe hakuuawa na risasi wala na ndege. Ugonjwa ulimshika, akafa Niemba, kwenye reli ya Kabalo, Desemba 1916. Alikuwa na miaka 26. Götzen iliinuliwa baadaye toka chini ya maji, ikaitwa Liemba, ikabeba abiria wa Kigoma miaka mingi sana.