Hermann Lehmann: Mkimbizi aliyechunguza selimundu Kampala

Ugonjwa wa selimundu unafahamika katika nyumba nyingi za Uganda. Miongoni mwa waliofungua njia ya kuuelewa ni Hermann Lehmann, daktari na mwanakemia aliyefanya kazi katika Chuo cha Makerere, Kampala, tangu mwaka 1947.

Lehmann alizaliwa mwaka 1910 mjini Halle, Ujerumani. Kwa kuwa alikuwa Myahudi, utawala wa Wanazi ulimzuia kupata shahada ya udaktari nchini mwake, akaipata Basel, Uswisi, mwaka 1934. Baadaye, katika maabara ya Otto Meyerhof mjini Heidelberg, alichunguza kemia ya msuli. Mwaka 1936 alionyesha kwamba mmenyuko mmoja unaoupa msuli nguvu huweza kwenda mbele na pia kurudi nyuma.

Mmenyuko wa aina hiyo una kiwango chake cha msawazo. Wanakemia hupima uwiano wa mazao kwa viambato vyake. Uwiano ukiwa chini ya kiwango hicho, mazao huongezeka. Ukikizidi, mazao hugeuka tena kuwa viambato. Ukilingana nacho, pande zote mbili huendelea kwa kasi moja.

Mwaka huohuo alikimbilia Cambridge, Uingereza. Vita vilipopamba moto aliwekwa kizuizini mwaka 1940 kwa sababu ya uraia wake wa Kijerumani, lakini baadaye alilitumikia jeshi la Uingereza akiwa daktari nchini India.

Kampala alikuja kuchunguza upungufu wa damu na utapiamlo. Hapo alikutana tena na mabadiliko yanayorejea nyuma. Himoglobini hushika oksijeni mapafuni, ambako ni tele, na kuiachia mwilini, ambako ni haba. Kwa mgonjwa wa selimundu, himoglobini iliyoachia oksijeni huungana kuwa nyuzi, na seli hupinda kama mundu. Oksijeni ikirejea, nyuzi huyeyuka. Lakini seli ikipinda mara nyingi, hatimaye hainyooki tena. Seli zilizopinda huziba mishipa na kuleta maumivu makali.

Mwaka 1949, Lehmann na Alan Raper walichapisha matokeo ya kupima damu za makabila ya Uganda. Miongoni mwa Baamba wa magharibi, watu wapatao 45 katika kila 100 walibeba chembe ya urithi ya selimundu. Katika baadhi ya makabila mengine walikuwa wachache mno.

Lehmann alirejea Uingereza, akawa profesa Cambridge, na kufariki dunia mwaka 1985. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa watoto wapatao 13 katika kila 100 nchini Uganda hubeba chembe hiyo. Wazazi wawili wakiwa nayo, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kuzaa mtoto mgonjwa. Ndiyo maana madaktari huwahimiza wachumba kupima damu kabla ya ndoa.