Paul Bomani: Aliyewaendea wakubwa na mizani mkononi

Msomaji wetu wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima au Busega anajua ilivyo vigumu kwa mtu mdogo kuingia ubia na kampuni kubwa. Kikundi cha alizeti kinataka kampuni ya mbegu ikidhamini. Mwenye duka la pembejeo anataka uwakala. Kijana mwenye wasikilizaji wengi anataka kulipwa ili atangaze bidhaa ya kampuni fulani. Wengi huanza na barua ya kuomba, wakaeleza shida zao, na wengi hawajibiwi.

Leo tunamwangalia mtu aliyeanza na mtaji mdogo kwenye ukanda huu huu wa pamba, akafika mahali ambapo serikali ya mkoloni na wenye viwanda walikubali kukaa naye mezani. Huyo ni marehemu Paul Bomani, ambaye vijana wengi wanamjua kama waziri na balozi tu.

Bomani alizaliwa mwaka 1925 upande wa Musoma, mtoto wa mhubiri wa Kisabato. Alisoma shule ya Wasabato ya Nassa, ambayo siku hizi iko wilayani Busega, mkoani Simiyu, kisha akaenda Ikizu. Kuanzia mwaka 1945 alifanya kazi ya hesabu katika mgodi wa almasi wa Mwadui, na mwaka 1947 akaenda Mwanza kuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika.

Chama kile hakikuwa na fedha nyingi. Wenye maduka madogo walikuwa wanaungana ili wanunue bidhaa kwa pamoja, kwa sababu mwenye duka mmoja akienda kwa muuzaji wa jumla hakuwa na la kumwambia likasikika. Bomani alikuwa na miaka 22 tu, na kazi yake ilikuwa kutunza vitabu na kusema kwa niaba ya watu wengi wenye mitaji midogo.

Kutoka hapo aligeukia pamba, na hapa ndipo habari yake inapomhusu mkulima moja kwa moja.

Wakati huo ununuzi wa pamba katika Jimbo la Ziwa ulikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wenye leseni, wengi wao wenye asili ya Asia. Bei ilipangwa na serikali, hivyo mnunuzi hakuweza kuishusha hadharani. Mahali palipobaki pa kujiongezea faida ni kwenye mizani. Mkulima alibeba mzigo wake kutoka mbali, akaukuta mstari mrefu, akatajiwa uzito ambao hakuwa na njia ya kuuhakiki, na hakuweza kurudi na pamba nyumbani. Fikiria mzigo wa ratili 60 unaopunguzwa ratili tano tu. Hiyo ni sehemu moja ya kumi na mbili ya jasho lake la mwaka mzima, na hakuna risiti inayoonyesha ilikokwenda.

Manung'uniko juu ya mizani yalikuwa ya zamani, na kila ofisa aliyapokea, akayaandika, akayasahau. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Bomani na viongozi wenzake wa chama cha wakulima wa jimbo, wakiwemo watu wa Ukerewe, walifanya jambo jepesi kulieleza lakini gumu kulitekeleza. Waliweka mizani yao wenyewe na wapimaji wao karibu na vituo vya kununulia. Mkulima alipima kwanza kwa wenzake, akaujua uzito wake, ndipo akaenda kwa mnunuzi. Pale namba mbili zilipotofautiana, ushahidi ulikuwapo.

Naomba nikae hapa kidogo, maana kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu ya maisha ya Bomani yenye faida kubwa kwa mjasiriamali kuliko uwaziri wake wote. Kabla ya mizani ile, wakulima walikuwa waombaji. Baada yake walikuwa na vitu viwili ambavyo mtu mkubwa huvihesabu: takwimu zao wenyewe, na watu wanaokwenda pamoja. Bomani alizunguka kijiji hadi kijiji kuhamasisha, kazi ya vumbi ya miaka, si ya mkutano mmoja wa hadhara.

Jambo la pili ni kwamba alijua upande wa pili unataka nini. Serikali ya mkoloni ilitaka pamba iongezeke, na ilikuwa na hofu ya siasa Usukumani, kiasi kwamba baada ya TANU kuanzishwa mwaka 1954 ilikataa kusajili matawi yake Jimbo la Ziwa hadi mwaka 1958. Ushirika uliosajiliwa, wenye vitabu vinavyokaguliwa, ulikuwa jambo ambalo serikali ingeweza kulikubali bila kuonekana imeshindwa. Bomani alilileta suala la mizani kwa sura hiyo. Vyama vya msingi vikaanza kusajiliwa, naye akaenda Uingereza mwaka 1953 kusomea ushirika katika chuo cha Loughborough.

Aliporudi, mwaka 1955 vyama na miungano yake viliunganishwa kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, makao makuu Mwanza, naye akawa meneja mkuu. Muda si mrefu shirikisho likamiliki kiwanda chake cha kwanza cha kuchambua pamba, huko Kasamwa, Geita. Kufikia mwishoni mwa muongo huo pamba ya jimbo zima ilikuwa inanunuliwa kupitia ushirika. Bariadi wakati huo ilikuwa ndani ya Wilaya ya Maswa, na wakulima wake walikuwa sehemu ya mtandao huo. Wenye viwanda ambao zamani walimtazama mkulima kama mtu wa kubeba mzigo, sasa iliwabidi kuzungumza na ofisi moja iliyoshika pamba yote.

Hata hivyo si kila kitu kilikwenda sawa, na ni vizuri kusema. Mkulima aliyekuwa na hiari ya kujiunga sasa hakuwa na mahali pengine pa kuuzia. Shirikisho lilikua haraka, wafanyakazi wakaongezeka, makato yakaongezeka, na malalamiko ya mizani yakaanza kusikika tena, safari hii dhidi ya makarani wa ushirika wenyewe. Serikali iliunda tume kuchunguza vyama vya ushirika mwaka 1966, shirikisho likavunjwa, na nafasi yake ikachukuliwa na Nyanza.

Bomani mwenyewe alikuwa ameshaondoka. Alikuwa Waziri wa Kilimo mwaka 1960, kisha Waziri wa Fedha kuanzia 1962. Katika uchaguzi mkuu wa mwaka 1965, akiwa bado Waziri wa Fedha, alishindwa ubunge huko huko Mwanza, kwa watu ambao miaka 15 kabla walipima pamba kwenye mizani yake. Wakati huo wakulima walikuwa na kinyongo juu ya makato na bei, na waziri wa fedha ndiye aliyeonekana kuwa mwenye kukata. Mwalimu Nyerere alimteua kuwa mbunge na akaendelea kuwa waziri, lakini lile lilikuwa pigo zito kwa mtu aliyejijenga kwa kusemea wengine.

Kuanzia mwaka 1972 hadi 1983 alikuwa balozi wetu Marekani. Baadaye akawa mwenyekiti wa Kampuni ya Bia Tanzania, ambayo mwaka 1993 serikali iliuza nusu ya hisa zake kwa kampuni ya bia ya Afrika Kusini. Mtoto wa mhubiri wa Kisabato kuongoza bodi ya kampuni ya bia ni jambo ambalo pengine lilizua utani mwingi. Lakini ukiiangalia kazi yenyewe, haikuwa mbali sana na aliyoianza Mwanza mwaka 1947: kukaa katikati ya mtaji mkubwa uliotoka nje na wenyeji wenye soko, na kuhakikisha hesabu za pande zote mbili zinaonekana. Mwaka 1998 hisa za kampuni hiyo ziliorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, na Mtanzania wa kawaida akaweza kununua.

Alikuwa pia Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu mwaka 1993, wadhifa aliokuwa nao hadi alipofariki dunia mwaka 2005, akiwa na umri wa miaka 80.