Kardinali Rugambwa Hakuwa Mtawa

Bukoba na Muleba, waamini wengi humwita mtawa kila avaaye kanzu au shela. Kwa mazoea hayo hata Laurean Kardinali Rugambwa huingizwa utawani.

Alizaliwa Bukongo mwaka 1912, akabatizwa 1921. Mapadre aliowakuta walikuwa Wamisionari wa Afrika, wenye kanzu nyeupe na rozari shingoni. Kisheria hata hao si watawa: wako katika chama cha kazi za kitume, hula kiapo, hawaweki nadhiri za kitawa. Mtawa huweka nadhiri za useja, ufukara na utii katika shirika lake. Ndiyo maana sista ni mtawa, na bruda ni mtawa bila kuwa padre. Mmonaki ni mtawa wa monasteri, kama Wabenediktini wa Ndanda.

Rugambwa alipewa upadre Desemba 12, 1943, akiwa mwanajimbo. Useja na utii kwa askofu vilimfunga. Nadhiri ya ufukara hakuiweka. Kwangu mimi hapo ndipo penye mtihani, maana mwanajimbo hana mkuu wa shirika wa kumuuliza habari za senti zake. Tofauti hizi yeye alizijua vizuri: alisomea sheria za Kanisa Roma.

Akawa askofu 1952, makao yake Rutabo, na kardinali Machi 28, 1960, Mwafrika wa kwanza wa nyakati zetu. Mwaka 1968 alihamia Dar es Salaam, kwenye kiti alichokikalia Edgar Maranta, Mkapuchini. Huyo ndiye alikuwa mtawa.