Lincoln Tumpime kwa Kura Zake

Jina la Abraham Lincoln si geni kwa mwanafunzi yeyote aliyewahi kufungua kitabu cha historia. Alikuwa rais wa 16 wa Marekani, akaliongoza taifa lake katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1861, akatangaza uhuru wa watumwa wa majimbo yaliyoasi mwaka 1863, na akauawa kwa risasi Aprili 1865. Hayo tunayafundisha, na wanafunzi wetu wameyajibu katika mitihani mara nyingi. Hata hivyo, ipo miaka minane katika maisha yake ambayo aghalabu hurukwa. Kuanzia 1834 hadi 1842, Lincoln alikuwa mjumbe wa kawaida katika bunge la jimbo la Illinois. Mimi nathubutu kusema kwamba mwenye kutaka kujua mwanasiasa hupimwa kwa mizani gani atajifunza mengi zaidi katika miaka hiyo kuliko katika sanamu zote alizochongewa baadaye.

Kwanza tuelewane kuhusu bunge lenyewe. Kila jimbo la Marekani lina bunge lake, mbali na lile la taifa lililoko Washington. Anayetaka mfano wa karibu atazame mabunge ya kaunti tuliyoyapata baada ya uchaguzi wa 2013, ingawa yale ya Marekani yana mamlaka makubwa zaidi. Zama za Lincoln ndiyo yaliyowachagua hata maseneta wa taifa. Bunge hilo la Illinois ndilo pia ambamo Barack Obama, aliyezaliwa na baba Mkenya, alihudumu akiwa seneta wa jimbo kuanzia 1997 hadi 2004.

Lincoln alizaliwa Kentucky Februari 12, 1809, katika nyumba ya magogo. Wazazi wake walikuwa wakulima wasio na elimu, na yeye mwenyewe, ukijumlisha siku zote alizokaa darasani, hakutimiza hata mwaka mmoja wa shule. Alihamia Illinois mwaka 1830, akafanya kila kazi iliyopatikana: akapasua mbao, akauza duka katika kijiji cha New Salem, akasimamia posta, akapima ardhi. Duka lilifilisika, likamwachia madeni yaliyomsumbua kwa miaka mingi. Mwaka 1832 aligombea ubunge akashindwa, akashika nafasi ya nane kati ya wagombea 13. Lakini katika kituo cha New Salem, walikomjua kwa sura na kwa mwenendo, alipata kura 277 kati ya 300. Aliyekosa njia hurudi njia panda. Mwaka 1834 aligombea tena akashinda. Inasimuliwa kwamba ilimbidi akope fedha kwa jirani ili ajinunulie suti ya kuvaa bungeni.

Makao makuu ya jimbo wakati huo yalikuwa Vandalia. Huko ndiko kijana huyu wa miaka 25, mwenye kimo cha futi 6 na inchi 4, alikoanza kuacha alama ambayo haifutiki: majina ya waliokubali na waliokataa yaliandikwa katika kumbukumbu rasmi za bunge. Hotuba husahaulika, ila kura hubaki.

Kura ya kwanza ninayotaka tuitazame haimpi sifa. Mwanzoni mwa 1837 bunge lilipitisha mpango mkubwa wa kujenga reli, kuchimbua mito ipitike na kutengeneza barabara, kwa gharama ya zaidi ya dola milioni 10. Jimbo lilikuwa changa, watu wake wachache, hazina yake tupu. Fedha zote zilikuwa za mkopo. Kaunti zilizokosa reli zilitengewa mgao wa fedha taslimu, ili pasiwepo mjumbe wa kulalamika. Lincoln aliuunga mkono mpango huo kwa moyo wake wote, kwani chama chake cha Whig kiliamini kwamba njia za uchukuzi ndizo zitakazomtoa mkulima maskini katika dhiki. Miezi michache baadaye, mwaka huo huo, uchumi wa Marekani uliporomoka. Ujenzi ukakwama, madeni yakazidi, na kufikia 1842 Illinois haikuweza hata kulipa riba. Wenzake wengi walipoanza kuukimbia mpango huo, yeye aling'ang'ana nao. Pengine huo ulikuwa uaminifu, pengine ulikuwa ukaidi. Waliolipa ni wananchi, nao walilipa kwa miongo mingi.

Kura ya pili ilihusu maslahi ya nyumbani. Wajumbe wa kaunti yake ya Sangamon walikuwa tisa, wote warefu, hata wakabandikwa jina la Tisa Warefu. Walidhamiria kuhamisha makao makuu kutoka Vandalia hadi mji wao wa Springfield, na Februari 28, 1837, katika duru ya nne ya upigaji kura, wakafaulu. Wapinzani walidai kwamba Tisa Warefu waliuza kura zao za reli ili wanunue za Springfield. Wanahistoria hawajaafikiana kuhusu dai hilo, nami sitajitia uhakimu. Itoshe kukumbuka kwamba kura ya mjumbe ni dhamana aliyopewa na watu, si bidhaa ya sokoni.

Sasa nifike kwenye kura iliyonifanya nishike kalamu. Januari 1837, majimbo ya kusini yalikuwa yakiyashinikiza yale ya kaskazini yawalaani waliotaka utumwa ukomeshwe. Illinois haikuwa jimbo la watumwa, lakini wakazi wake wengi walitoka kusini, na sheria zake ziliwabana mno watu weusi waliokuwa huru. Hoja iliyoletwa ilivilaani vyama vya kupinga utumwa, na ikasema kwamba haki ya majimbo ya kusini ya kumiliki watumwa ni takatifu chini ya katiba. Waliounga mkono walikuwa 77. Waliokataa walikuwa sita tu, na Lincoln alikuwa mmoja wao.

Hakuishia hapo. Machi 3, siku chache baada ya Springfield kuteuliwa, yeye na mwenzake Dan Stone waliandika pingamizi likatiwa katika kumbukumbu za bunge. Wako wanaoona kwamba alisubiri makusudi, asije akapoteza kura za makao makuu. Katika pingamizi hilo walieleza kwamba utumwa umejengwa juu ya dhuluma na ni sera mbaya. Papo hapo waliongeza kwamba kelele za wanaharakati huzidisha maovu hayo badala ya kuyapunguza, kwamba bunge la taifa halina mamlaka ya kuugusa utumwa ndani ya majimbo, na kwamba katika Wilaya ya Columbia, ulipo mji wa Washington, lina mamlaka hayo lakini lisiyatumie mpaka wakazi wenyewe waombe.

Mwanafunzi wa leo anaweza kuuliza: huo nao ni ushujaa gani? Swali ni la haki. Lincoln wa wakati huo hakuwa mkombozi. Mwaka 1836 alikuwa ameandika gazetini kwamba haki ya kupiga kura iwe ya weupe wanaolipa kodi au kubeba silaha, akiwajumuisha wanawake, weusi hakuwataja. Lakini tumweke katika mahali pake na wakati wake. Novemba 1837, mhariri Elijah Lovejoy aliuawa na kundi la wahuni mjini Alton, katika jimbo hilo hilo la Illinois, kwa sababu ya kuandika dhidi ya utumwa. Mwanasiasa wa miaka 28, mwenye madeni, hakuwa na faida yoyote ya kupata kwa kuliita jambo hilo dhuluma. Aliliita hivyo kwa maandishi, akatia sahihi, kisha akarudi kwa wapiga kura mwaka 1838 na tena 1840, nao wakamrudisha.

Nisije nikamchora malaika, niongeze kioja kimoja. Desemba 1840 Democrats walitaka kuahirisha kikao, jambo ambalo lingeiumiza Benki ya Jimbo. Whig wakatoka nje ili akidi isitimie. Lincoln na wenzake wawili waliobaki kuangalia walipoona akidi inakaribia na milango imefungwa, waliruka dirishani. Haikusaidia kitu, kwani walikuwa wamekwisha kuhesabiwa. Magazeti ya wapinzani yalimcheka sana, na tukio hilo lilimwaibisha maishani mwake.

Aliliacha bunge la jimbo mwaka 1842. Alihudumu muhula mmoja tu katika bunge la taifa, 1847 hadi 1849, na huko akaandaa mswada wa kuwakomboa watumwa wa Wilaya ya Columbia kwa ridhaa ya wapiga kura, haukufika mbali. Mwaka 1860, alipoandika habari fupi za maisha yake akiwania urais, alilikumbuka lile pingamizi la 1837 na kueleza kwamba msimamo wake ulikuwa haujabadilika. Aprili 16, 1862, akiwa rais, alitia sahihi sheria iliyowakomboa watumwa wa wilaya ile ile, watu wapatao 3,100. Na bunge la taifa lilipopitisha rekebisho la katiba la kukomesha utumwa nchini kote, Januari 31, 1865, jimbo la kwanza kuliidhinisha, siku iliyofuata, lilikuwa Illinois. Bunge lililowahi kukusanya kura 77 dhidi ya sita lilikuwa limevuka upande wa wale sita.

Walimu wenzangu, hapa ndipo penye somo. Kura ya reli iliungwa mkono na wengi wenye shangwe, ikaliangusha jimbo. Kura ya utumwa iliachwa kwa wachache, nayo ikaja kuwa sheria ya nchi. Si kwamba wachache husema kweli daima. Ni kwamba wingi wa mikono iliyoinuliwa haumwondolei mjumbe wajibu wa kufikiri. Tuwafundishe wanafunzi wetu, ambao kesho watapiga kura na baadhi yao watapigiwa, kwamba mwakilishi hapimwi kwa kimo, kwa suti wala kwa ufasaha wa jukwaani. Waende kwenye kumbukumbu za bunge, za taifa na za kaunti, waulize: siku ile jambo zito lilipoletwa, mheshimiwa wetu alikuwapo? Na kama alikuwapo, jina lake limeandikwa upande gani?