Harry Harlow na tumbili wake

Wadau, jana kijana wangu wa miaka mitano kaifumua redio yangu kwa bisibisi. Hakuna aliyemtuma wala kumwahidi pipi. Nikamkumbuka Harry Harlow.

Huyu bwana alizaliwa Iowa, Marekani, mwaka 1905, ukoo wake ukiitwa Israel. Mwaka 1930, alipohitimu udaktari pale Stanford, akajiita Harlow, maana mwalimu wake aliona jina lile lingemnyima kazi. Watu wangedhani ni Myahudi, kumbe wala! Akaajiriwa Chuo Kikuu cha Wisconsin, akaanzisha maabara ya tumbili wa Asia waitwao rhesus.

Enzi hizo wasomi wengi walishikilia kwamba mnyama hujifunza kwa njaa, kiu au maumivu tu. Mwaka 1950 Harlow na wenzake wakatoa habari za tumbili waliowekewa fumbo la pini, ndoano na komeo, bila malipo yoyote. Wakafungua, na wakaendelea kufungua siku baada ya siku. Kilichonishangaza zaidi ni hiki: walipoanza kuwekewa zabibu kavu, kazi ikaharibika! Mwaka 1953 mwanafunzi wake, Robert Butler, akaonyesha kwamba tumbili aliyefungiwa sandukuni hufanya kazi ili achungulie nje tu, basi. Hata mwaka 2009 watafiti walikuta kwamba seli za dopamini kwenye ubongo wa tumbili, zile zinazosisimka kwa maji ya kunywa, husisimka pia kwa kujulishwa mapema maji kiasi gani yanakuja.

Halafu yakaja majaribio ya 1958, mama bandia wa waya na wa kitambaa. Mtoto akiwa na mama wa kitambaa alimkumbatia kwanza, kisha akaenda kukagua vitu vigeni. Asipokuwepo, alijikunyata pembeni.

Hapa ndipo ninapomkasirikia. Mtu aliyeyajua hayo yote akaja kuwafungia watoto wa tumbili peke yao, wengine mwaka mzima. Walipotolewa hawakutaka kucheza, walijikumbatia na kujitikisa tu. Na yeye mwenyewe sonona ilimtesa, hadi akatibiwa kwa mishtuko ya umeme. Mkewe Margaret alifariki kwa saratani mwaka 1971.

Harlow alifia Tucson, Arizona, mwaka 1981. Mimi hadi leo sijaamua nimweke kundi gani. Nyie mnasemaje?

Redio, kwa taarifa yenu, bado iko vipande vipande.